Picha Imeganda, Sauti Inaendelea

Tangu Anwari apate kiharusi, neno lililobaki mdomoni mwake lilikuwa moja tu: mlango. Akitaka maji ni mlango, akitaka kugeuzwa ubavu ni mlango. Nusrat, mkewe, alijifunza kuyasoma macho yake na ule mkono wa kushoto uliosalimika.

Jumamosi moja, baada ya alasiri, mkono ulinyooka kuelekea kwenye televisheni.

"Unataka video, Baba Jaha?"

Alitikisa kichwa. Siku hizi hakuna aliyeweza kujua kama ni ndiyo au hapana.

Televisheni ile Anwari aliiunganisha mwenyewe na kompyuta ndogo, enzi akiuza vitambaa katika soko la Mwanjelwa. Akaweka programu ya kuhifadhi na kuchezesha video, akapanga humo filamu, mawaidha na sherehe za ukoo. Nusrat hakuwahi kuigusa rimoti zaidi ya kupunguza sauti. Sasa alipitia picha moja baada ya nyingine, na alipofika kwenye harusi ya binti yao, Jaha, iliyofanyika Iringa, mgonjwa akaguna. Nusrat akabonyeza hapo.

Sauti ilikuja safi: Anwari anawashukuru wageni, anawatania wakwe, ukumbi unaangua kicheko. Picha haikusogea. Anwari alisimama kwenye kioo mdomo wazi, kipaza sauti mkononi, kisha uso wake ukakatikakatika vipande vya kijani.

"Mlango," alisema mgonjwa. "Mlango, mlango!"

"Nafanya, baba. Subiri."

Alizima, akawasha. Alichomoa nyaya, akazipuliza vumbi, akazirudisha. Alijaribu filamu ya zamani, ikacheza vizuri. Aliporudi kwenye harusi, ikaganda palepale. Akampigia Jaha simu Iringa.

"Mama, ingia kwenye mipangilio. Unaona nini?"

"Naona maneno ya Kiingereza mengi."

"Yasome."

Aliyasoma kwa shida, Jaha akakisia, yeye akabonyeza. Mwisho wake hata sauti ikapotea. Jaha akasema polepole, "Haya mambo aliyajua baba tu, mama."

Jumatatu alikuja Gwakisa, fundi kompyuta wa Mwanjelwa, mtu mzima aliyekuwa akifahamiana na Anwari tangu enzi za duka lake la vitambaa. Alimwamkia mgonjwa, akaketi sakafuni mbele ya kompyuta. Sauti aliirudisha upesi. Picha ilimsumbua.

"Mama Jaha, hii harusi ilirekodiwa kwa simu ya kisasa. Mashine hii ni ya zamani, inashindwa kuifungua."

"Mbona mwaka jana tuliitazama?"

"Mzee alikuwa ameipangia namna yake. Nadhani programu ilipojisasisha ikaufuta mpango wake."

Alibadilisha kitu kwenye mipangilio. Picha ikaanza kutembea, lakini kwa kurukaruka. Ukumbi ulishacheka kabla Anwari hajafungua mdomo. Gwakisa akageuka.

"Mzee, uliipangaje hii?"

Macho ya Anwari yalikuwa makali, ya mtu anayejua. Alinyoosha mkono, Nusrat akampa rimoti. Kidole kikabonyeza mara moja, mara mbili, kikateleza. Rimoti ikaanguka, betri zikatawanyika chini ya kochi.

"Mlango," alisema, na machozi yakamtoka. Gwakisa akainama kutafuta betri, akakaa huko chini kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Aliondoka na nakala ya video ili aigeuze dukani kwake, iwe ya aina ambayo mashine ile ingeimudu. Alirudi nayo kesho yake, akaiweka, akaaga haraka. Hakutaka hata chai.

Safari hii ilicheza. Picha na sauti pamoja. Anwari wa harusini alipita kati ya meza kwa miguu yake, akasema, akatania, akamwita Nusrat asimame watu wamwone. Anwari wa kochini alikuwa akichezesha midomo, akijaribu kumfuata. Hakuna kilichotoka. Kifua kikaanza kupanda na kushuka, akalia kwa sauti ambayo Nusrat hakuwahi kuisikia.

Nusrat akaichukua rimoti. Mkono wa kushoto wa Anwari ukamdaka kifundo cha mkono, ukakaza.

"Nizime?"

Ukakaza zaidi.

"Niache?"

Ukakaza vilevile. Alimtazama machoni, na kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa uingie hakusoma kitu. Kwa hiyo hakufanya lolote. Wakakaa hivyo, kifundo chake kikiuma, mpaka video ikaisha yenyewe.

Jaha alipiga simu jioni. "Imecheza, mama?"

"Imecheza. Gwakisa kaitengeneza."

"Alhamdulillahi. Baba kafurahi?"

Nusrat alitazama kochi. Anwari alikuwa ameugeuzia uso ukutani, kola ya shati imelowa.

"Nitakupigia, mwanangu," alisema. Akaenda kumtafutia shati jingine.