Juma la Jabali na Wembe

Ilikuwa mwaka 2018, kiangazi kikiwa ndiyo kwanza kimeanza, wakati kampuni moja ya bima ilipotaka kuwanunulia wakadiriaji wake wa hasara kompyuta mpakato mpya. Kazi ya watu hao ilikuwa kuzunguka katika maghala yaliyoungua na kandokando ya malori yaliyopinduka, na mashine zao za zamani zilikuwa zimekufa vifo vya kila namna. Baada ya mchujo zilibaki aina mbili: Jabali, nene na nzito, na Wembe, nyembamba na ya kupendeza.

Muuzaji wa Jabali alikuwa mwanamke ambaye nyumbani aliitwa Bi Harusi, ingawa ndoa yake ilikwisha kufikia umri wa kuanza shule. Muuzaji wa Wembe alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, aliyebandikwa jina la Chiriku tangu alipojua kusema. Waliishi nyumba moja, wakala meza moja, na kila asubuhi wakatoka pamoja kwenda kunyang'anyana wateja.

Kwa Bi Harusi, mauzo hayo yangekuwa ushindi mwingine tu. Kwa Chiriku, yalikuwa ajira yenyewe. Alikuwa katika muda wa majaribio, na mwajiri wake alikwisha kumwambia kwamba asipouza kabla ya mwezi kwisha, asirudi.

Mkuu wa Ununuzi wa kampuni ya bima alikuwa mama mkavu mwenye utaratibu wake.

"Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake," aliwaambia. "Kwa hiyo hapa kwangu kila mtu huamba ngoma ya jirani."

Kila muuzaji angekaa juma zima na mashine ya mpinzani, afanyie kazi zake zote, kisha aje kueleza uzuri na ubaya wake. Ambaye angempunja mwenzake angeondolewa papo hapo.

Wakabadilishana mashine, na vita vikahamia mezani.

"Wifi, hii yenu niliitia mkobani, kisha nikarudi njiani nikidhani nimeisahau ofisini," alisema Bi Harusi.

"Na hii yenu niliibeba kwa bega moja. Mtu njiani akanipa pole, akadhani nimeteguka nyonga."

"Huo ndio uimara."

"Hata kabati ni imara, wifi, lakini hatutembei nalo."

"Kabati halina tundu la waya wa mtandao. Yenu ina matundu mawili tu. Leo nilitaka kuchomeka chaja, kipanya na projekta, nikajiona kama mama wa watoto watatu mwenye mikono miwili."

"Mama mwenye akili hununua kigawanyaji."

"Mama mwenye akili hununua Jabali."

Bwana wa nyumba, ambaye kwa mmoja alikuwa mume na kwa mwingine kaka, aliomba apitishiwe chumvi. Hakuna aliyemsikia.

Siku zilivyokwenda, kila mmoja aliona mambo ambayo hakutaka kuyaona. Bi Harusi aligundua kwamba kifuniko cha Wembe kilifunguka kwa kidole kimoja bila kitako kuinuka, na kwamba betri yake, ikichajiwa asubuhi, ilifika jioni ikiwa bado na pumzi. Hata hivyo, alipoitoa juani aliuona uso wake vizuri kuliko alivyoziona hesabu zake. Chiriku naye aliibonyeza kibodi ya Jabali katikati kwa dole gumba, isibonyee. Akakishika kifuniko pembeni na kukipinda, kisipindike. Alifarijika kwa jambo moja tu: feni yake ilikoroma kama mzee aliyeshiba.

Alhamisi alasiri Chiriku alikuwa peke yake mezani, akiandika taarifa yake huku akizungumza na mteja kwa simu. Alikuwa hawezi kuzungumza bila mikono. Mkono ulipokwenda kuonyesha ukubwa wa punguzo la bei, ulikikumba kikombe, na chai ya maziwa, sukari na yote, ikamiminika juu ya kibodi ya Jabali.

Alikata simu bila kuaga. Kabla hajapata kitambaa, aliona chai ikichuruzika chini ya mashine kupitia vitundu viwili alivyokuwa amevidhania kuwa mapambo. Maandishi yake yalibaki kwenye kioo, na kishale kikaendelea kumkonyeza. Alifuta, akakausha, akajaribu vibonye vyote. Vyote vilifanya kazi.

Aliitazama kwa muda mrefu. Hakuna aliyeona. Akinyamaza, huenda ajira yake ikapona. Akisema, atakuwa ameiuza Jabali kwa kinywa chake mwenyewe.

Jumatatu Bi Harusi alitangulia kusema. Aliisifu Wembe kwa haki, akataja pia matundu na kioo. Chiriku alipoinuka alianza na uzito, akafuata feni, na chumba kikacheka.

"Vyema," alisema Mkuu wa Ununuzi. "Mtu wangu anakwenda kwenye ghala ambalo wazima moto hawajamaliza kulimwagia maji. Nimpe ipi?"

Chiriku alinyamaza. Bi Harusi, ambaye hakuwahi kuuona muujiza huo, alimtazama kwa hofu.

"Mpe Jabali," Chiriku alisema hatimaye. "Niliimwagia chai. Kikombe kizima. Samahani, wifi, ilikuwa ya maziwa."

Mkuu wa Ununuzi alimsogezea jagi la maji. "Tuonyeshe."

Chiriku alimgeukia Bi Harusi kuomba ruhusa, naye akaitikia kwa kichwa, uso wake kama wa mtu anayeng'olewa jino. Maji yakamwagwa, yakatokea chini, yakalowesha kitambaa cha meza. Jabali ikaendelea kukoroma. Kisha jagi likasogezwa upande wa Wembe, na Bi Harusi akaikumbatia kwa mikono miwili.

"Hii hapana, Mkuu. Nimeishi nayo. Nimeizoea."

Jabali ikanunuliwa, na mwezi ulipokwisha Chiriku akaachishwa kazi. Hakumlaumu mtu. Aliporudi nyumbani na sanduku la vitu vyake, Bi Harusi alilipokea mlangoni.

"Mauzo yale ni yako, wifi. Nina deni lako."

"Usinilipe kwa pole. Pole ninazo za kutosha."

Kesho yake Bi Harusi aliingia kwa mwajiri wake bila kubisha hodi.

"Mashine zile sikuziuza mimi. Ziliuzwa na wifi yangu, wa kampuni ya pili."

"Mpinzani wetu?" Mwajiri aliweka kalamu chini. "Ni mtu wa namna gani?"

"Ana maneno mengi, humwaga chai, na hasemi uongo."

Mwajiri alifikiri. "Huyo wa mwisho ndiye tunayemhitaji. Hao wawili wa mwanzo tutawavumilia."

Bi Harusi alimkuta Chiriku akipiga pasi, akimsimulia kaka yake habari ambayo kaka yake hakuwa ameiuliza. Alichomoa waya wa pasi ukutani ili asikilizwe.

"Unaanza Jumatatu, saa mbili kamili, dawati la pili kutoka dirishani. La kwanza ni langu," alisema. "Deni nimelipa, wifi. Tusidaiane tena."