Chambo cha Katani

Mzee Hashil wa Chumbageni alikuwa na mashamba Pongwe na nyumba tatu mjini, lakini aliyekuja kumposa binti yake Shemsa hakuulizwa mali. Aliambiwa alete chambo. Tena si cha dukani, cha kufunga kwa mkono wake mwenyewe: ndoana, kichwa cha risasi, na mkia wa nyuzi za katani zilizotiwa rangi ya mikeka. Asiye na subira ya kufunga chambo, alisema mzee, hana subira ya kukaa na mtoto wa mtu.

Faris, mwana wa ami yake Shemsa, alikuwa na gari, saa ya dhahabu na maringo ya kumtosha yeye na wajukuu zake. Subira ndiyo hakuwa nayo. Alikaa uani kwa shangazi Ghadir, kule Nguvumali, Shemsa kando yake na shangazi akisinzia kitini, akajichoma kidole mara nne. Katani ikamtawanyika mapajani.

"Kazi za wavuvi hizi," alisema, akinyonya kidole. "Mie nina watu wa kunifanyia."

Shemsa aliona haya kwa niaba yake, lakini alikuwa anampenda, na mapenzi yana upumbavu wake. Akamnyang'anya. Akailowesha katani, akaipanga shingoni mwa ndoana, akaizungushia uzi huku akiuvuta kwa meno, kisha akadondoshea rangi ya kucha juu ya fundo lisiteleze. Robo saa haikufika.

"Siri yetu, habibti," Faris akamnong'oneza. Shemsa akalala na neno hilo usiku kucha, maskini.

Ijumaa baada ya swala wageni walijaa sebuleni kwa Mzee Hashil. Wanawake walikaa chumba cha ndani, nyuma ya pazia, wakisikia kila kitu.

"Shikamoo, ami. Chambo hiki hapa."

"Marahaba." Mzee akakivuta, akakigeuza, akakivuta tena. "Mashaallah! Nani kakufundisha?"

Shemsa akatega sikio. Alitaka kidogo tu, hata angesema kuna mtu kamsaidia.

"Hajanifundisha mtu, ami. Ni akili tu," Faris akajifaragua. "Dada zangu walitaka kujaribu, nikawafukuza. Mwanamke hana mkono wa kazi hizi, huharibu nyuzi bure."

"Na fundo umelizuiaje lisiteleze?"

"Nguvu, ami. Nguvu za mkono."

Wanaume wakacheka kwa kuridhika. Nyuma ya pazia Shemsa alihisi kinyaa, kama mtu aliyekuta unywele kwenye pilau. Hicho ndicho kidume alichokiota usiku kucha!

Mzee Hashil akaja mlangoni, uso umemchangamka. "Shemsa mwanangu, Faris amekuposa. Unasemaje?"

Kila mwanamke mle ndani alijua jibu. Mwari huinamisha kichwa akanyamaza, na kunyamaza kwake ndiyo ridhaa. Hajapata mtu kutamka neno katika ukoo ule. Shangazi Ghadir alikwisha kulamba midomo tayari kwa kigelegele.

"Sitaki," Shemsa akasema, kwa sauti ya kufika sebuleni.

"Hutaki?" mzee akababaika. "Na chambo kizuri namna hii?"

"Kizuri, Baba, nimekifunga mie. Mpe aondoke nacho. Kitu kingine cha mkono wangu hatakipata."