Siku Niliyoinama Kuchota Mchanga

Nianze na kilo zangu, maana ugomvi wote ulianzia hapo. Mwaka ule wa tisini na nane nilikuwa na kilo tisini na nne, zote za ndizi na maharage ya Tukuyu, na pale Glenwood, mtaa wa ugenini tulikosoma na kupanga vyumba, hakukuwa na mwanafunzi aliyethubutu kushindana nami kunyanyua kitu. Sasa mtu wa namna hiyo umpe gongo la besiboli mkononi, halafu umwambie asipige?

Ndivyo alivyoniambia Urbain, kocha wetu. Alikuwa mwanafunzi wa uhandisi kutoka Lubumbashi, mtu wa kuja mazoezini na koti, tai, na viatu vinavyong'aa mpaka unajiona meno. Besiboli alifundishwa na daktari wa Kikuba, jirani yake.

"Mon frère, sisi hatuna nguvu," alisema. "Bale ba Johannesburg, nguvu iko. Sisi tutacheza mupira mudogo. Unagusa balle kidogo tu, unakimbia. Unaiba kituo. Kimoja, kimoja, mpaka nyumbani. C'est tout, basi."

"Kocha, nguvu mimi ninazo."

"Uko nazo wewe moja. Timu iko batu tisa, Ambokile."

Bao la besiboli ni kuzunguka vituo vitatu na kurudi nyumbani ulipoanzia. Wenzetu wa timu nyingine waliutandika mpira ukapotelea mitini, wakazunguka wakitembea kama wako harusini. Sisi tulipanda kituo kwa kituo, kama mtu anayepanda ngazi na ndoo ya maji kichwani.

Na ushindi tuliuhitaji kufa na kupona. Ofisi ya michezo ya chuo ilikuwa imetuandikia barua: klabu isiyoshinda hata mechi moja kwa miaka miwili inanyang'anywa uwanja, wanapewa watu wa hoki. Ilibaki mechi moja. Ile iliyotangulia niliipoteza mimi, nakiri. Urbain alijipangusa bega la kulia, ishara ya kugusa tu. Nikajifanya sikuona, nikautandika. Ulipaa, jamani! Ulipaa mpaka nikasimama kuusifia. Kisha ukashuka taratibu mikononi mwa kijana mmoja aliyekuwa akitafuna bazoka, na mpira ukidakwa mpigaji ametoka, mechi ikaishia hapo. Serge, mchezaji mwenzangu, hakunisemesha siku tatu, na tunalala chumba kimoja.

Mwandishi wetu wa alama alikuwa Verediana, msichana wa Bukoba, na ni yeye peke yake aliyeijua siri yangu. Nilimwambia siku moja tukimenya ndizi: nimekulia kwa dada watano, na mpaka darasa la saba nilicheza nao rede. Wawili wanasimama huku na huku, wewe katikati. Wanakurushia mpira, ukikugusa umetoka. Ukiukwepa, unainama upesi kuchota mchanga ujaze chupa. Ni mchezo wa wasichana, kila mtu anajua. Kukwepa nilikuwa hodari, lakini chupa sikuwahi kuijaza hata mara moja. Kila nilipoinama, dada yangu mkubwa Doris alinipata mgongoni, paa! Na wote watano wakajilaza chini kwa kicheko. Verediana naye alicheka mpaka kisu kikamdondoka. Nikamwapisha asimwambie mtu.

Jumamosi ya mechi, mapande ya watu wa Johannesburg yakashuka kwenye basi lao. Tuliwasumbua kwa mambo yetu madogo madogo mpaka kipindi cha tisa, cha mwisho, tukiwa mbili kwa mbili. Lakini Peguy, mrushaji wetu pekee, mkono ulikuwa umekwisha, hata chupa ya maji anafunguliwa. Kama hatushindi sasa hivi, hatushindi tena.

Serge akasubiri mipira mibaya minne, akapewa kituo cha kwanza bure. Akaiba cha pili. Peguy akaugusa mpira, akatolewa yeye, ila Serge akasogea cha tatu. Juvénal akapunga hewa mara tatu, naye akatoka. Wawili nje. Akitoka wa tatu, zamu imekwisha. Na anayefuata ni mimi.

Nikamtazama Urbain. Mikono mfukoni. Yaani nisipige kabisa! Mrushaji wao aliukumbuka ule mpira wangu uliopaa, akaniogopa, akawa anarusha mbali nami. Mmoja, miwili, mitatu. Mikono iliniwasha, nikasaga meno, nikamtukana Urbain moyoni kwa Kinyakyusa. Wa nne ukapita pembeni. Nikatembea hadi kituo cha kwanza, ambako mlinzi wao aliniuliza kwa Kiingereza kama mwili wote huu ni wa matembezi tu.

Hapo Urbain akalegeza tai. Kulegeza tai maana yake mimi ni chambo. Nikimbilie cha pili, ninaswe katikati, na wakati wananifukuza, Serge aende nyumbani. Nikiguswa kabla hajafika, bao halihesabiwi.

Nikatoka mbio. Mdakaji wao akautuma mpira kituo cha pili, nikafunga breki. Mbele yangu mtu na mpira, nyuma yangu mwenzake, na mimi katikati na kilo zangu.

Verediana akavunja kiapo.

"Ambokile! Rede hiyo! Rede!"

Loo! Niwaambie nini? Katika besiboli, mpira unaorushwa haukutoi hata ukikupiga kichwa. Anayekutoa ni mtu akikugusa na mpira mkononi. Miguu yangu haikuijua sheria hiyo. Wakirusha, mimi naruka, magoti kifuani. Wakirudisha, najipinda kiuno, nanyanyua mkono mmoja kama Doris alivyokuwa akifanya. Jamaa wale hawajawahi kuona mtu anaukwepa mpira ambao hakuna anayemlenga nao. Mmoja alisahau kunifukuza, akabaki mdomo wazi. Uwanja mzima ulikuwa unacheka, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nacheka pia.

Na Serge? Serge alikuwa amesimama kituo cha tatu, anapiga makofi!

"Serge! We!" Urbain alipiga yowe. "Kimbia basi! Uko naangalia cinéma?"

Serge akashtuka, akatimua. Na mpira nao ukarushwa tena, nikaukwepa, na baada ya kukwepa kinachofuata ni nini? Nikainama. Hakuna aliyenituma. Niliinama katikati ya mechi ya chuo kikuu, nikachota mchanga.

Mpira mwingine ukapita juu ya kisogo changu, nikausikia upepo wake. Mlinzi aliyeusubiri upande wa pili hakuuona, maana kilo tisini na nne zilikuwa zimemkinga mpaka dakika ile zilipoinama. Ukampita, ukabingirika hadi kwenye uzio, walikokaa tumbili wa pale chuoni. Nilipoinua kichwa, mchanga nikiutia mfukoni, Serge alikuwa amelala kifudifudi nyumbani, na mwamuzi ametandaza mikono. Bao. Uwanja wetu!

Urbain alikuja mbio akapiga magoti kwenye vumbi na suruali yake ya pasi, akilia na kucheka. Serge akanishika mabega.

"Ile ngoma ulicheza pale, ni nini?"

"Rede," nikasema, kwa sauti, mbele ya wote. "Mchezo wa wasichana. Nina dada watano."

"Eish! Utatufundisha lini?"

Tukateremka wote hadi duka la simu la mama Élisabeth, tukajibana kwenye kibanda nimpigie Doris. Doris alikuwa karani wa mapokezi katika hoteli moja Mbeya mjini, penye simu. Nikamsimulia haraka haraka, sentensi zikikanyagana: tumeshinda, rede, wawili huku na huku, mimi katikati.

Akanikatiza. "Uliinama?"

"Niliinama, dada."

"Wakakupata?"

"Wakanikosa."

Kisha nikasikia kigelegele, kirefu, pale pale mapokezini mbele ya wageni wa watu, na mama Élisabeth, ambaye hakujua habari yoyote, akakiitikia huku.

Nikatia mkono mfukoni. Mchanga ulikuwa bado upo. Nikamwomba mama Élisabeth chupa.