Kidole cha Mzee Macho

Kazi ya Mzee Macho ilikuwa kukaa juu ya paa la kituo cha utafiti, kwenye stuli, kidole kwenye kitufe chekundu, akikodolea macho anga. Chini yake wataalamu walirusha mwali wa leza hadi mwezini, ukagonga vioo vilivyoachwa huko na wanaanga, ukarudi kwa sekunde mbili na nusu, nao wakajua umbali. Ndege ikikatiza, yeye hubonyeza: leza inazimika, rubani anabaki na macho yake.

"Unaona ndege iliyo mawinguni, chumvi iliyo mbele yako huioni," mkewe alizoea kumtania. Mke huyo alifariki akingoja gari la wagonjwa, ambalo wakubwa walikuwa wamelitumia kubebea maua ya harusi. Tangu hapo mzee hakuwa na salamu kwa mkubwa yeyote.

Siku hiyo Mkurugenzi alipandisha kamera paani. "Mzee, hii inaona ndege na kuzima leza yenyewe. Leo Waziri anakuja kuizindua. Wewe kesho ukapumzike."

"Nikapumzike na nani? Nyumbani nina kuta nne, na hakuna hata moja inayonijibu."

"Na leo usiguse kitufe! Ukituharibia kipimo, hata stuli yako utaikuta barabarani."

Saa kumi alasiri mwezi ulikuwa umeshachomoza, mweupe kama kipande cha sabuni. Leza ikawashwa. Mara helikopta ya Waziri ikatokea, mbio, ikielekea palepale penye mwali. Kamera kimya. Mzee akaigeukia: imefunikwa gubigubi kwa kitambaa, na utepe juu, ikingoja kuzinduliwa!

"Wacha wakubwa wapofuke," moyo ukamwambia. "Kwani lini waliona?"

Lakini rubani ni mtoto wa watu. Pengine ana mke anayemwekea chakula.

Akabonyeza.

Mkurugenzi akapanda ngazi akihema. "Mzee! Nilikwambia nini?"

"Muulize mwenzangu huyo. Bado yuko ndani ya shela, anamsubiri bwana harusi."

Mkurugenzi akaitazama kamera, akaitazama helikopta ikipita juu ya vichwa vyao.

"Kesho nikapumzike?" mzee akauliza.

"Kesho… uje mapema."

Mzee hakushukuru. Helikopta ilipotua uani, akakiachia kitufe, leza ikawaka tena. Punde wataalamu wakapiga makofi huko chini: mwezi umejibu.

"Afadhali huo," akanung'unika. "Uko mbali kuliko wakubwa wote, lakini ukiitwa unaitika."