Mstari wa Zambarau

Kwa miezi minne Kefa hakuuosha mguu wake wa kushoto, na siku ile ya foleni ya waajiri wa migodi Tunduma, mwaka wa hamsini na tatu, kila aliyesimama karibu naye alilijua hilo kwa pua yake. Hakuwa mchafu. Kwenye muundi, kuzunguka kidonda cha saratani, palikuwa na mstari wa zambarau aliochorewa na bwana wa mashine ya miale, katika hospitali ya mgodi wa shaba ng'ambo ya mpaka.

"Usiufute mpaka tumalize," aliambiwa. "Hapo ndipo tunapolenga."

Waliufunika mguu kwa bamba zito la madini ya risasi lenye tundu, wakaupiga miale mara sita kati ya kumi na tano. Kidonda kikaanza kukauka, Mungu ni shahidi. Siku ya saba mkataba wake wa kazi ukaisha, akapakiwa kwenye lori na wenzake, akarudishwa kwao Itaka, Mbozi. Sasa alitaka mkataba mwingine, wa kazi yoyote ile, almradi aifikie tena mashine.

Karani, Damiano, alikuwa mtu wa Mbozi kama yeye, ila kofia ya ukarani ilishamsahaulisha kwao.

"Fungua hicho kitambaa. Ruka kwa mguu huo, mara kumi."

Kefa aliruka mara tatu. Ya nne akajishikiza mezani.

"Bwana karani, kule wananijua. Tazama, alama yao hii. Zimebaki mara tisa tu."

"Mgodi unataka miguu ya kubebea mawe. Huo wako wenyewe ni mzigo."

"Basi niandikie cheti cha mgonjwa, nivuke."

"Vyeti hapa ni vya wafanyakazi. Pona kwanza, halafu uje."

Kefa akafunga tena kitambaa. Mwenye nguvu mpishe, naye akampisha, akashika fimbo yake na njia ya siku mbili.

Nyumbani, mkewe Enesi alikwisha kupasha maji.

"Baba Ruti, niuoshe sasa. Watoto hawali kwa harufu."

"Utafuta mstari."

"Mstari gani?"

Kefa akainama kutazama. Upande wa chini kidonda kilikuwa kimeumeza wote.

Enesi hakubishana. Asubuhi alikwenda kuomba wino kwa mwalimu wa misheni, akachovya kijiti, akaanza kuuchora upya, kidole kimoja nje ya ule wa kwanza.

"Acha nafasi zaidi," Kefa akamwambia. "Wanaandikisha tena mwakani."