Milima ya Jasi

Picha hiyo umeiona, usijifanye. Ilikuwa juu ya kitanda cha hoteli uliyolala: milima ya pembetatu, mashamba ya miraba, jua duara, vyote vimetuna kama vinaomba kupapaswa. Ukapapasa, ukasema nzuri, ukageukia upande wa pili ukalala. Hukujiuliza milima hiyo ilikwanguliwa na nani, wala unga wake uliishia wapi.

Uliishia kifuani mwa mtu.

Pembetatu, ndivyo walivyomwita karakanani kwa sababu milima yote ilitoka mkononi mwake, alikuwa anabandua utepe wa kunyoosha kingo za milima kwenye turubai aliposikia mdogo wake akikohoa tena. Mdogo mtu ndiye mpiga msasa. Jasi, plasta nyeupe ya kutunishia milima, na gundi vikishakauka, kingo hukwanguliwa, na vumbi lake lilikuwa limempaka nyusi mvi kabla ya wakati. Aliyekuwa akipiga msasa kabla yake, mama mmoja mcheshi, alirudishwa kwao akihema, na hakuna anayemtaja tena. Madirisha yalipigwa misumari zamani. Bosi alisema vumbi la barabarani linang'ang'ania vanishi mbichi.

"Dada, kifua kimeziba."

"Pumzika kidogo."

"Nikipumzika, msasa utaupiga wewe kwa meno?"

Wakacheka, ila kicheko cha mdogo mtu kikageuka kikohozi, na kikohozi kikamwangusha chini, midomo imepauka. Pembetatu hakupiga kelele. Alishachoka hata kugombana. Kwa ajili ya dirisha moja tu alikuwa amembembeleza bosi kama mtu anayeposa. Akachomeka mwiko chini ya fremu, akabetua mpaka misumari ikatoka ikilia. Hewa ikaingia. Vumbi nalo halikupiga hodi, likajilaza juu ya picha zote mbichi.

Bosi alipoingia alishika kichwa. "Mmeniua! Nani atanunua uchafu huu?"

"Mtu ameanguka hapa, bosi."

"Na mimi je, nimesimama?"

Nyuma yake alikuwepo mnunuzi wa picha za mahoteli. Mama huyo akainama, akapitisha kidole kwenye mashamba yaliyoingia mchanga wa barabarani. "Mbona hizi ndizo zenyewe? Zinakwaruza kama ardhi ya kweli. Nitengenezeeni zote hivihivi."

Pembetatu akashusha pumzi. Alidhani dirisha limeokoka.

Asubuhi walikuta magunia ya mchanga uliochekechwa, wa kuchanganya na jasi, na dirisha limepigwa misumari mirefu zaidi. Atakayeligusa, bosi alisema, aondoke na ndugu yake. Sasa mdogo mtu anapiga msasa jasi na mchanga pamoja.

"Dada, nilikuomba hewa," alitania kwa sauti iliyokwaruzika, "umeniletea jangwa."

Pembetatu alitaka kucheka, taya zikagoma. Akabandika utepe, akaanza mlima mwingine.

Bosi hamwogopi Pembetatu. Anamwogopa mnunuzi, na mnunuzi anakuogopa wewe unayelipia chumba. Basi shuka mapokezi sasa hivi, begi uliache wazi kitandani. Sema hulali tena chini ya picha hiyo mpaka madirisha ya karakana yafunguliwe, na useme kwa sauti, wageni wengine wasikie. Usiniambie kesho. Kesho mdogo mtu anaingia kazini.