Gari la Marehemu Kaka

Mpiga chapa mstaafu hakuwa na gari. Hakuwa na fundi wa kumwamini, wala jicho la kuona ubovu chini ya boneti, wala mdomo wa kubishana na madalali. Njia ya kumfikisha mjukuu wake shuleni hakuwa nayo pia. Shule iliyomkubali mtoto huyo wa kiti cha magurudumu ilikuwa upande wa pili wa mji, na mabasi yakikiona kile kiti yalijifanya yamejaa. Muhula ulikaribia kufunguliwa, na asiyefika nafasi yake ingepewa mwingine.

Alitaka gari la familia, lililotumika, la dizeli ili safari za kila siku zisimalize pensheni yote, na nyuma pawe na nafasi ya kiti.

Alizunguka kwenye yadi za magari mpaka viatu vikaanza kucheka. Alijua jambo moja tu, alilofundishwa na marehemu kaka yake: injini ya dizeli huijui mpaka uiwashe ikiwa imelala baridi. Basi kila yadi aliweka kiganja juu ya boneti hata kabla ya salamu. Kila boneti ilikuwa ya moto.

"Mmeshaliwasha," alimwambia dalali mmoja.

"Tumelichangamsha kidogo, mzee wangu. Kwani wewe ukiamka hunywi chai kwanza?"

"Nikiamka huwa sijiuzi."

"Haya, njoo kesho mapema."

Kesho yake alifika geti likiwa bado limefungwa. Boneti ilikuwa baridi. Dalali akazungusha ufunguo. Gari likakohoa, likatoa moshi mweupe, likanyamaza. Akazungusha tena, na tena.

"Leo limeamka vibaya," alisema dalali, bila haya.

Mji mzima, gari moja tu mzee alilijua ndani nje: la kaka yake. Kila lilipobadilishwa oili yeye ndiye aliyeshika tochi. Tangu mazishi lilikuwa limefunikwa turubai uani kwa shemeji yake, mjane wa kaka. Jumapili asubuhi akapiga moyo konde, akaenda kuomba auziwe.

Alikuta turubai limefunuliwa na shemeji amekaa nyuma ya usukani, na ndara zake za ndani miguuni. Mama huyo hakujua kuendesha. Alizungusha ufunguo, injini ikakohoa mara mbili, ikashika, ikatulia. Akafumba macho.

"Hivi ndivyo alivyokuwa akienda kazini," alisema. "Mimi niko kitandani, nikisikia kikohozi cha pili najua kaondoka salama. Kila Jumapili naliwasha nilisikie, halafu nazima."

Gari alilokuwa akilitafuta mji mzima lilikuwa mbele yake, likinguruma.

"Mtoto hajambo?" shemeji aliuliza.

"Hajambo. Sare ya shule analala nayo."

Shemeji akazima injini.

"Najua kilichokuleta, shemeji. Usiniombe. Ukiniomba nitakupa."

Mzee akaaga bila kuomba.

Nyumbani mkewe alimsikiliza huku akikunja nguo. "Si tulinunue tu, halafu kila Jumapili tumpelekee alisikie? Shida iko wapi?"

"Litafika kwake limeshapata moto. Halitakohoa."

Mkewe akabaki na shati mkononi, asijue aliweke wapi.

Mjukuu akajisukuma hadi mlangoni. "Babu, gari limepatikana?"

"Bado tunatafuta."

"Hata likiwa bovu mimi nitapanda. Mtasukuma."

Jioni mzee alikaa mezani kuiandikia shule barua ya kurudisha nafasi. Alipofika kwenye jina la mtoto kalamu ikagoma. Akachukua karatasi nyingine.

"Shemeji yangu mpendwa," aliandika, "mdomo umenishinda. Nakuomba gari, kwa ajili ya mtoto."

Akatafuta sentensi ya tatu, ya kuzilainisha mbili za kwanza. Maisha yake yote alikuwa amechapa matangazo ya harusi za watu na misiba ya watu; leo hakuwa na neno la kwake. Laiti angejua shemeji atakataa, angeandika kwa moyo mwepesi.

Akalamba gundi ya bahasha, akaibana kwa kidole gumba kutoka pembe hadi pembe, akatembea hadi sanduku la barua la kona. Aliiingiza nusu, akaishikilia kidogo. Kisha akaiachia.